Jenga Unachoweza Kukiezeka Kiangazi Hiki

Kijiji chochote utakachopita, iwe Muheza au Mbinga, hakikosi pagala. Kuta za vyumba vinne na sebule zimesimama, madirisha yako wazi, mnyonyo umeota jikoni na kozi za juu zimeanza kuliwa na mvua. Mwenyewe alianza vizuri. Mwaka ule machungwa yalilipa, au kahawa ililipa, akachimba msingi wa nyumba aliyoitamani tangu ujana, fedha ikaishia kwenye lenta. Masika ya kwanza yakazipiga zile kuta, ya pili yakazipiga, na siku fedha itakaporudi fundi atamwambia abomoe nusu ya alichojenga. Inaniuma kila nikiona, maana tofali zile zililipiwa kwa jasho.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mtu anayetaka kujijengea kijijini kwa mikono yake, akisaidiwa na ndugu pamoja na fundi wa kuitwa siku za kazi nzito, ni huu: chora nyumba nzima unayoitaka, kisha jenga kipande chake unachoweza kukifikisha kwenye bati ndani ya kiangazi kimoja. Vyumba viwili vilivyoezekwa unahamia. Sebule na vingine vitafuata ukiwa unalala chini ya paa lako na hulipi kodi kwa mtu. Humu nitatumia mfano wa nyumba ya vyumba viwili, urefu mita 7 na upana mita 4 kwa nje, kwa sababu hicho ni kiasi ambacho familia moja inaweza kukimudu kwa msimu.

Kabla ya kushika jembe

Ardhi ya kijiji nchini Tanzania inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na karatasi inayokulinda ni hatimiliki ya kimila. Hata kama shamba ni la babu yako, nenda ofisi ya kijiji uulize utaratibu wake kabla hujamwaga lori la mawe. Waite majirani wote unaopakana nao pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, mtembee mpaka wote kwa miguu, na papo hapo mpande alama ambazo kila mmoja amezikubali. Barabara kuu na barabara za mkoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Alama ya X nyekundu ya kubomolewa ikishapigwa ukutani, haisaidii tena kwamba ulijenga vizuri.

Ukishajua kiwanja ni chako, tafuta maji yanapita wapi. Msalimie mzee wa jirani, kaa naye, muulize: "Shikamoo mzee. Masika ya nguvu, hapa maji yanatokea wapi na yanaelekea wapi?" Jibu lake lina thamani kuliko ramani yoyote utakayonunua. Angalia mwenyewe takataka zilizokwama kwenye vichaka na kimo zilipofikia. Chagua mwinuko, hata kama ni mdogo, na ukimbie udongo mweusi wa mbuga. Udongo huo huvimba ukilowa na hupasuka ukikauka, na nyumba iliyo juu yake huvimba na kupasuka nao kila mwaka. Kama shamba lako lote ni mbuga, usijenge kwa mwongozo huu peke yake. Lipia ushauri wa mtaalamu wa misingi.

Pande ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini. Huku kwetu jua la asubuhi na la alasiri ndilo linalochoma kuta, kwa hiyo lipe pande fupi.

Kalenda nayo ni zana. Penye masika na vuli, nafasi yako ni Juni hadi Septemba. Penye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma au Ruvuma, una kuanzia Mei hadi Oktoba. Anza na tofali, si msingi. Tofali zinahitaji karibu mwezi mzima kukomaa, na mwezi huo ndio utakaoutumia kuchimba msingi.

Udongo wako unafaa?

Tofali za kuchoma zinapendwa, lakini tanuri linakula kuni nyingi mno, na vijiji vingi vimemaliza hata miembe kwa ajili yake. Mimi nakushauri tofali za udongo na saruji zinazofungamana, zile ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezieneza nchini. Zinashindiliwa kwa mashine ya mkono, hazichomwi, na kwa kuwa zinashikana zenyewe hutumii saruji ya kuunganishia kila kozi. Mashine huhitaji kuinunua. Ulizia kwenye halmashauri, kwa vikundi vya vijana au kwa fundi anayekodisha.

Kila kitu kinategemea udongo, na udongo unapimwa kwa kisanduku. Chukua mbao nyembamba, piga kisanduku ambacho kwa ndani kina urefu wa sentimita 60, upana sentimita 4 na kina sentimita 4. Kipake mafuta kidogo ndani. Chimba udongo chini ya lile tabaka jeusi la juu lenye mizizi, uchekeche, uloanishe hadi ushikane mkononi bila kuwa uji. Ujaze kisandukuni, uubonyeze vizuri kwenye kona, usawazishe juu kwa ubao. Weka juani siku tatu, au kivulini wiki nzima. Utaukuta umesinyaa na kukatika. Sukuma vipande vyote upande mmoja, kisha upime kwa rula pengo lililobaki.

Pengo likiwa chini ya sentimita 1.5, udongo una mchanga wa kutosha na saruji sehemu moja kwa udongo sehemu 18 inaweza kufaa. Kati ya 1.5 na 3, changanya moja kwa 16. Kati ya 3 na 4.5, moja kwa 14. Kati ya 4.5 na 6, moja kwa 12. Likizidi hapo, udongo una mfinyanzi mwingi, ongeza mchanga upime upya, au tafuta shimo jingine. Nasisitiza kipimo hiki kwa sababu ni cha bure, na ndicho watu wanachokiruka. Mtu anasikia fulani alitumia moja kwa 16, naye anatumia hivyo hivyo kwenye udongo ambao hata haufanani na wa mwenzake.

Kwa mchanganyiko wa moja kwa 14, nusu mfuko wa saruji unachukua ndoo 12 za lita 20 za udongo. Usichanganye zaidi ya hapo kwa mkupuo, kwa sababu mchanganyiko uliokwisha kupata maji unapaswa kuisha ndani ya nusu saa hivi. Geuza mkavu kwanza mpaka rangi iwe moja, ndipo unyunyize maji kidogo kidogo. Ili kujua maji yametosha, finyanga donge, lishike kwa mkono ulionyooshwa usawa wa kifua, liachie. Likivunjika vipande vichache vikubwa, endelea na kazi. Likisambaratika kuwa vumbi, ongeza maji. Likibamizika chini bila kuvunjika, umezidisha.

Nyumba yetu ya mita 7 kwa 4, yenye ukuta mmoja wa katikati na kimo cha mita 2.7, inahitaji tofali kama 2,100 za sentimita 30 kwa 15 kwa 10. Andaa 2,300, maana zitavunjika. Mfuko mmoja utakupa tofali 70 hadi 80, kwa hiyo kuta zitakula mifuko kama 30. Watu wanne waliozoeana na mashine hufyatua 300 kwa siku. Hii ndiyo kazi ya msaragambo: pika chakula kingi, ita vijana wa ukoo, anza alfajiri.

Halafu inakuja kazi isiyo na shangwe ambayo ndiyo inayoamua nguvu ya tofali. Zipange kivulini, zifunike kwa nailoni au majani ya migomba, uzimwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7, na zikifika 14 ni bora zaidi. Saruji haikazi kwa kukaushwa, inakaza kwa maji. Tofali iliyoachwa juani tangu siku ya kwanza itaonekana ngumu, ila ukiikwangua kwa ukucha inatoa unga. Zikae siku 28 kabla ya kujengea.

Msingi na kuta

Wakati tofali zinakomaa, piga vigingi na kamba. Kona iwe mraba kwa ile kanuni ya 3, 4 na 5: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari usome mita 5 kamili. Ukimaliza kona zote nne, pima kona kwa kona. Kwa nyumba ya mita 7 kwa 4 mishazari yote miwili isome mita 8 na sentimita 6. Ikitofautiana, sogeza vigingi sasa, kwa sababu kosa la sentimita chache hapa utakutana nalo tena kwenye bati. Usawa wa kona mpaka kona upime kwa mpira wa maji unaoonesha ndani. Kwa umbali mrefu hauna mpinzani.

Mtaro uwe na upana wa sentimita 45 hadi 60, na uchimbe mpaka ukute udongo mgumu ambao haujawahi kuguswa. Sehemu nyingi ni sentimita 60 na zaidi. Jenga kwa mawe na saruji, uinue msingi mpaka sentimita 30 hadi 45 juu ya ardhi. Usibane hapa. Tone la mvua likianguka chini huruka na tope, na ukuta ulioanza usawa wa ardhi utalowa kila mvua. Ndani jaza kifusi kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka ulishindilie likiwa na unyevu. Kabla ya nailoni na zege la sakafu nyunyiza dawa ya mchwa iliyosajiliwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ukiwa umevaa glavu na kuziba pua na mdomo, na mbali na kisima. Oili chafu ambayo wengi huimwaga kwenye mtaro mimi siipendi hata kidogo. Inaingia ardhini, na maji ya kisima chako yanatoka ardhini humo humo. Tandika nailoni nzito chini ya sakafu nzima, na juu ya msingi pia kabla ya kozi ya kwanza, ili unyevu usipande.

Kozi ya kwanza tu ndiyo inayolazwa kwenye saruji. Ipe muda wote unaotaka, kwa pima maji na kamba, kwa sababu zote zinazofuata zitaifuata hiyo. Baada ya hapo tofali zinapangwa kavu, na kila kozi unaikagua kwa timazi. Ukuta utakaoongezewa vyumba baadaye uache na meno, ili ukuta mpya ushikane na wa zamani.

Juu ya madirisha na milango zungusha mkanda wa zege nyumba nzima, bila kukatika. Nondo nne za milimita 12, ringi kila sentimita 20, zege la moja kwa mbili kwa nne: saruji, mchanga, kokoto. Maji yawe ya kutosha kulifanya lichanganyike, si ya kulifanya limiminike. Wapo watakaokwambia mkanda ni anasa ya mjini. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, na nyumba nyingi zisizo na kitu cha kuzifunga kuta pamoja zilipasuka au kuanguka. Hata pasipotetemeka, mkanda ndio unaozuia nyufa kutoka kona za madirisha. Upande utakaoongezewa nyumba, acha nondo zitokeze sentimita 60 na uzipake uji wa saruji zisishike kutu. Na kabla zege halijakauka, pandikiza humo waya nene au vipande vya utepe wa chuma kila mita moja. Vitafunga paa.

Paa

Upepo haulisukumi paa, unalinyanyua. Ndiyo maana unasikia mapaa yameezuliwa wakati kuta ziko vile vile. Ule utepe uliouacha kwenye mkanda uuzungushe juu ya mbao ya ukutani na miguu ya kenchi, uupigilie pande zote mbili. Misumari mitupu haitoshi.

Nunua mbao zilizotiwa dawa, au mbao ngumu kama mninga ukijaliwa kuzipata. Nakuomba uangalie jambo moja hapa: vipande vinavyobaki vya mbao za kijani zilizotiwa dawa visipelekwe jikoni. Dawa hiyo mara nyingi ina aseniki, ambayo ni sumu, na moshi na majivu yake hayafai karibu na chakula wala watoto. Mwambie na mama anayepika kwenye ujenzi, maana yeye ndiye atakayeviokota.

Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30. Namba ikishuka unene unapanda, jambo ambalo wauzaji wengine hawalisemi. Ukiweza, nunua 28. Kenchi ipande mita moja kwa kila mita tatu, na bati litokeze nje ya ukuta angalau sentimita 60 pande zote. Msumari wenye mpira upigwe kwenye mgongo wa bati, kamwe si bondeni maji yanapopita. Anza kupanga bati kutoka upande upepo unakoelekea, ili kila ungio ligeuzie mgongo mvua.

Bati letu litafunika mita za mraba 42 hivi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Penye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, hata ukitoa moja ya tano inayopotea, ni zaidi ya lita 33,000 zinazopita juu ya kichwa chako. Gata lenye mteremko wa sentimita moja kwa kila mita, na tangi hata dogo la kuanzia, vinampunguzia mtu wa nyumbani safari nyingi za kisimani. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yageuze yamwagike nje, kwa kuwa yana vumbi na kinyesi cha ndege. Funika tangi vizuri mbu wasiingie.

Kwa choo cha shimo, nenda angalau mita 30 kutoka kisimani na upande wa chini wa mteremko. Umeme mwachie mwenye leseni.

Plasta, na nyumba za zamani

Tofali za kufungamana zenye paa lililotokeza vizuri hazihitaji plasta ya nje, isipokuwa ule ukanda wa chini unaorukiwa na tope. Fedha hiyo ipeleke kwenye gata.

Kuna msomaji ambaye tayari ana nyumba ya tofali mbichi au ya miti iliyokandikwa, na anataka kuipendezesha kwa plasta ya saruji. Subiri kwanza. Ukuta wa udongo hupokea unyevu na kuutoa. Ukiufunika kwa saruji, unyevu unabaki ndani, udongo nyuma ya plasta unalainika, na baada ya misimu michache plasta inabambuka vipande vikubwa na udongo wake. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalijua hili: nyumba za mawe ya matumbawe zilizojengwa kwa chokaa ziliharibika zaidi pale zilipokarabatiwa kwa saruji. Ukuta wa udongo upake udongo. Chukua mfinyanzi, mchanga, majani makavu yaliyokatwakatwa na samadi mbichi ya ng'ombe, uvundike siku chache, upake tabaka nyembamba mbili, na juu umalizie kwa chokaa. Udongo wa kichuguu unafaa sana kwa kazi hii. Kila mwaka baada ya masika rudia kukandika sehemu ya chini iliyoliwa. Ni kazi ya siku mbili ikifanywa kwa wakati wake.

Kuitunza

Kabla ya mvua safisha gata, kagua misumari ya bati iliyolegea na mipira iliyopasuka, na ukipanda kanyaga kwenye mistari ya misumari tu, kwani chini yake ndipo penye mbao. Toa udongo uliorundikana kando ya ukuta. Kila ukifagia uwanja, vumbi linasogea ukutani, na baada ya miaka michache ule msingi uliouinua sentimita 40 umebaki na 15. Kuni zisiegemezwe ukutani. Zunguka nyumba ukitafuta vijia vya udongo vya mchwa vinavyopanda msingi. Ukivikuta, vibomoe, fuatilia vinakotoka, weka dawa hapo, kisha urudi baada ya wiki kuona kama vimejengwa upya.

Baada ya mvua tafuta nyufa. Mkwaruzo mwembamba wa kwenye plasta usikukoseshe usingizi. Ufa wa mshazari unaopita ndani ya tofali kutoka kona ya dirisha au kushuka kwenye msingi, huo uandikie: chora kwa penseli mstari mfupi kila mwisho wa ufa, na mwingine mahali ulipo mpana zaidi, uandike tarehe na upana wake. Ukague tena kila mwisho wa mwezi. Usipovuka alama, uzibe wakati wa kiangazi. Ukivuka, angalia kwanza maji yanayomwagika karibu na kona hiyo, gata lililotoboka au bomba la kuogea, uyageuze yaende mbali na nyumba. Ikiwa mwezi unaofuata umeendelea kupanuka, ita fundi achimbe pembeni aone msingi umekalia nini kabla vuli haijaanza.